Mdororo Mkubwa Hautibiwi kwa Kubana Matumizi

Uchumi unapoporomoka, hazikosi sauti za kuitaka serikali ifunge mkanda kama afanyavyo mwenye nyumba aliyepunguziwa mshahara. Hoja hiyo inavutia kwa kuwa ina sura ya busara na ya uadilifu, lakini kwa maoni yangu hakuna ushauri wenye madhara zaidi katika mdororo mkubwa. Mwenye nyumba akiacha kununua nguo mpya, mshahara wake haupungui kwa sababu hiyo. Serikali ikipunguza matumizi wakati viwanda vimefungwa na wananchi hawanunui, inawakata kipato walewale ambao inategemea kodi zao, na mwaka unaofuata inajikuta bado ina nakisi, yaani matumizi yanayozidi mapato, huku idadi ya wasio na kazi ikiwa imeongezeka.

Ujerumani ilipita njia hiyo katika mdororo ulioikumba dunia miaka ya 1930. Kansela Heinrich Brüning, aliyeongoza serikali kuanzia Machi 1930 hadi Mei 1932, alikata mishahara ya watumishi wa umma, akapunguza mafao ya wasio na ajira na kupandisha kodi, mara nyingi kwa amri za dharura zilizotiwa saini na Rais Hindenburg. Tumtendee haki: alibanwa na fidia za Vita vya Kwanza vya Dunia, na Wajerumani walikuwa hawajasahau jinsi fedha yao ilivyogeuka karatasi tupu mwaka 1923. Hata hivyo, mwanzoni mwa 1932 waliosajiliwa kuwa hawana kazi walifikia milioni 6, na chama cha Hitler, kilichopata asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928, kilipata asilimia 37.3 Julai 1932. Sisemi kwamba kubana matumizi peke yake ndiko kulikomfikisha Hitler madarakani, ila ni vigumu kuamini kwamba kura hizo zingepatikana kama watu wangekuwa kazini.

Kuhusu Marekani, wengi husimulia kwamba Rais Herbert Hoover alikaa tu akitazama. Si kweli. Mwaka 1932 serikali yake iliunda shirika la kuzikopesha benki na kampuni za reli. Tatizo ni kwamba alichotoa kwa mkono mmoja alikitwaa kwa mwingine: Juni 1930 alitia saini sheria ya kupandisha ushuru wa forodha, mataifa mengine nayo yakalipiza, na mwaka 1932 alipandisha kodi kwa kiwango kikubwa akitafuta bajeti iliyosawazika. Benki kuu nayo ilipandisha riba Oktoba 1931 ili kuizuia dhahabu isitoke nchini, wakati wakopaji walikuwa tayari wamezama.

Lakini jeraha lililovuja damu kuliko yote lilikuwa la benki. Benki haiweki kabatini fedha zote za wateja wake. Nyingi imezikopesha kwa wakulima, wafanyabiashara na wanunuzi wa nyumba, kwa hiyo wenye amana wakija wote siku moja, hata benki iliyo salama huanguka. Kati ya 1930 na 1933 zilianguka benki za Marekani zipatazo 9,000, na kila moja ilipofunga milango, wateja wa benki jirani walikimbilia kutoa zao. Franklin Roosevelt alipoapishwa kuwa rais tarehe 4 Machi 1933, majimbo mengi yalikuwa yameshafunga benki au yameweka kikomo cha fedha ambazo mteja angeweza kutoa.

Siku mbili baadaye alizifunga zote nchini. Tarehe 9 Bunge lilipitisha, kwa siku moja, sheria ya kuruhusu benki zifunguliwe tu baada ya kuthibitishwa kuwa ni imara. Jumapili usiku, tarehe 12, alizungumza redioni, akawaeleza wananchi kwa lugha nyepesi benki hufanya nini na fedha zao na zipi zingefunguliwa siku ipi. Kesho yake foleni zilikuwepo, lakini safari hii wengi walikuja kuweka. Kufikia mwisho wa mwezi, takriban theluthi mbili ya fedha zilizokuwa zimefichwa majumbani zilikuwa zimerudi. Watu hupenda kuisifu hotuba ile, nami naisifu, lakini Hoover naye alikuwa ametoa maneno mengi ya kutuliza nyoyo. Tofauti ni kwamba maneno ya Roosevelt yalikuwa na sheria na ukaguzi nyuma yake, na kuanzia Januari 1934 yakafuatiwa na bima ya amana hadi dola 2,500 kwa kila mwenye amana. Baada ya hapo, kwa miongo kadhaa, kuanguka kwa benki kukawa jambo la nadra.

Mpango wa Roosevelt wa kufufua uchumi haukuwa safi. Fidia ya serikali ya kupunguza kilimo cha pamba iliingia zaidi mifukoni mwa wenye mashamba, huku wapangaji wao, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi, wakifukuzwa kwenye ardhi. Serikali inayomwaga fedha haina budi kuangalia zinaishia kwa nani, na hapo lawama inamstahili.

Kosa linalonishangaza zaidi, hata hivyo, ni la 1937. Uchumi ulikuwa unapanda, ukosefu wa ajira umeshuka kutoka takriban asilimia 25 ya mwaka 1933, na Roosevelt mwenyewe akashawishika kwamba wakati wa kusawazisha bajeti umefika. Matumizi yakapunguzwa, makato mapya ya hifadhi ya jamii yakaanza, na benki kuu ikazilazimisha benki kushikilia akiba kubwa zaidi. Uchumi ukaanguka tena ndani ya mwaka huo. Aprili 1938 ilibidi arudi Bungeni kuomba mabilioni mengine ya dola, wakati mamilioni waliokuwa wamerudi kazini wameshapoteza tena ajira zao.