Mama, usiwalipe wachimbe tena

Wiki iliyopita Njombe nilikuta vijana watatu wakifukua mtaro walioufukia mwezi jana. Maji ya sola yanafika vyumba vya wageni yakiwa vuguvugu, na fundi kamwambia mama mwenye nyumba kuwa bomba liko juujuu, lishushwe kutoka nusu mita hadi mita nzima. Mama kakubali, vibarua wanalipwa. Iliniuma sana.

Tupige hesabu. Bomba la chuma la inchi moja, kipenyo cha nje milimita 33. Joto linalopotea kwa kila mita ni 2πk mara tofauti ya joto, gawanya kwa ln(4z/D): k ni uwezo wa udongo kupitisha joto, z ni kina, D ni kipenyo cha bomba, na ln ni logi asilia. Maji digrii 60, udongo 18, k ya udongo uliolowa tuiweke 1.5. Kwa kina cha nusu mita unapata wati 96 hivi. Kwa mita nzima, 82. Umechimba mara mbili, umeokoa asilimia 15! Kina kimekaa ndani ya logi, na logi hupanda kwa kujikokota. Bomba la mita 40 likijaa maji ya moto muda wote bado linamwaga ardhini zaidi ya kilowati 3, kama birika la umeme na nusu yake, linalochemka bila kuzimwa.

Kinachotawala pale ni unyevu. Mchanga mkavu una k kama 0.3, na bomba hilohilo kwa nusu mita lingepoteza wati 19 tu. Aliyezoea kufukia mabomba Dodoma wakati wa kiangazi ataapa kwamba udongo ni blanketi. Aje Njombe masika.

Sasa livike bomba sponji ya milimita 25, ile isiyonyonya maji, na maungio yote yazibwe, kwa sababu sponji iliyolowa haina kazi. Nusu mita ileile, wati 9. Udongo ukikauka kabisa, 7. Ukishavika, masika na kiangazi karibu ni sawa.

Haya, kina kinalinda bomba na jembe na magurudumu ya magari. Hilo nalikubali, na nusu mita ya mama ilikuwa inatosha.

Niliwaomba vijana waweke sepeto chini, nikamwandikia mama unene wa sponji kwenye karatasi. Akaisoma mara mbili. "Mwanangu, hii inauzwa hapa hapa mjini?" Tukaenda pamoja kuitafuta.