Mjomba Alivyogeuka Afisa Korosho

Kosa lilikuwa la fundi rangi. Ndiye aliyeandika namba ya simu ya ofisi moja ya mambo ya korosho kwenye ukuta wa ghala, kule juu Newala, na tarakimu 3 akaichora kwa madaha, imejikunja juu na chini. Mvua ya kwanza ikavujisha rangi, 3 ikafumba midomo, ikawa 8. Namba yenye 8 ni ya nyumbani kwa Mjomba, Chikongola, Mtwara mjini, na mimi ndiye niliyekuwa nalala sebuleni, kichwa jirani na meza ya simu, nikisubiri ajira.

"Haloo, malipo vipi?"

Hiyo ni saa kumi na moja alfajiri. Hakuna shikamoo wala jina, maana anayepiga anaogopa salio litakata kabla hajafika kwenye hela.

Msimu wenyewe ulikuwa ule wa 2018, na mtu wa Kusini hahitaji kukumbushwa. Wakulima waligomea bei za mnadani, serikali ikaingia kati, na Novemba ikatangazwa kwamba korosho yote itanunuliwa kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Magari ya jeshi yakaanza kuisomba. Bei ilikuwa tamu, tatizo likawa uhakiki. Kabla hujalipwa sharti ijulikane kama una shamba kweli, au wewe ni kangomba uliyezoa korosho za watu kwa bakuli uchochoroni. Kwa hiyo mkulima anaiangalia akaunti, akaunti nayo inamwangalia, na pale ukutani kuna namba ya simu.

Mjomba ni karani mstaafu wa bandarini. Laini ile aliiomba enzi zile ambazo ukiomba simu unangoja mpaka unasahau kama uliomba, na alipoipata akaifumia kitambaa. Hakuwa na mkorosho hata mmoja. Siku za mwanzo alijibu kwa adabu ya kiofisi: "Samahani mzee, umekosea namba." Mzee anakata, anatazama ukuta, anapiga tena namba ileile. Maskini hakuwa amekosea. Ukuta ndivyo ulivyosema.

Mtu atauliza kwa nini hatukuchomoa waya. Misiba yote ya ukoo ilipita pale. Mama mdogo aliyeko Zanzibar hajui namba nyingine, na Bibi, mama yake Mjomba, aliapa kwamba atakayeizima simu siku moja atakuja kuambiwa mtu ameshazikwa. Tukajaribu kuifunika kwa mto. Mjomba akaona mto hautoshi, akaiweka ndani ya sufuria la pilau na kulifunika. Alfajiri ikalia kama kengele ya shule, na mtoto wa jirani akaamka akaanza kutafuta viatu.

Akapiga huduma kwa wateja. Binti wa upande wa pili, mpole kweli, akamshauri atume namba za wasumbufu kwa ujumbe mfupi.

"Mwanangu, hii ni simu ya mezani. Haijawahi kutuma ujumbe tangu izaliwe."

"Basi baba, tutumie picha ya skrini."

Skrini yenyewe ilionyesha saa tu, tena saa isiyo ya nchi hii. Siku hizi namba za matapeli zinaripotiwa kwenda 15040, lakini hiyo nayo ni kwa ujumbe, kwa hiyo Mjomba angekwama palepale.

Hapo ndipo Bibi alipochukua zamu. Bibi alikuwa na muda, na alikuwa na hamu ya watu. Mkulima akiuliza malipo, Bibi anauliza mvua. Akiuliza uhakiki, Bibi anauliza mkewe amejifungua au bado. Mzee mmoja wa Mnyambe alipiga karibu kila siku, na baada ya muda mfupi Bibi akawa anajua ana mikorosho mingapi, na mtoto wake wa pili ameacha shule kwa sababu ya bodaboda. Simu zikaongezeka.

Katikati ya vurugu hizo akajitokeza tapeli. Zile zilikuwa siku ambazo laini za simu zilinunuliwa barabarani, kabla ya usajili wa alama za vidole wa 2019, na kila tapeli alijua Kusini kuna watu wanasubiri hela.

"Haloo, naongea kutoka kitengo cha malipo ya korosho."

"Marahaba," akasema Bibi.

Kimya. Kisha sauti ndogo: "Shikamoo mama."

"Nimeshaitikia. Endelea."

Akaendelea. Kuna fedha za Bibi zimekwama, shilingi milioni nne na ushee, na ili faili lifunguliwe inatakiwa elfu thelathini tu, sasa hivi, kabla mkubwa hajaenda kikaoni. Bibi, ambaye maishani hakuwahi kupeleka ghalani hata kisado, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikanyanyuka kitandani. Akanifanyia ishara nitulie.

"Sasa mama, shika simu yako, bonyeza nyota, mia na hamsini…"

"Nyota hakuna."

"Ipo mama. Chini kabisa, kushoto."

"Ilikuwepo. Mjukuu aliing'oa akidhani pipi."

"Basi tumia simu yako ya mkononi."

"Ndiyo hii, nimeishika mkononi."

Tapeli akavuta pumzi. Nadhani mwenye akili angekata hapo, lakini alishatumia salio lake na alitaka lirudi. Bibi naye akavuta kigoda.

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Nipo Dar, mama."

"Dar si kwao mtu. Kwenu?"

"…Masasi."

"Masasi ipi? Chikundi? Ndanda?"

"Ndanda," akasema, na sauti ilishaanza kujuta.

"Ndanda! Mimi nimejifungulia hospitali ya pale. Huyu mwanangu karani kazaliwa Ndanda. Bibi yako mzaa mama ni nani?"

Kwetu Kusini mtu huhesabiwa kwa mama, na Bibi akishashika uzi wa upande huo haachii. Kijana akajaribu kuzungusha, akasema bibi yake alishafariki. Bibi akampa pole, akauliza alizikwa wapi, na nani alisimamia arobaini. Akataja ukoo mmoja, kijana akakana. Akataja wa pili, kijana akanyamaza. "Ahaa," Bibi akasema, "basi mjomba wako ni yule mwenye jicho la kushoto linalo…" Simu ikakatwa. Hakupiga tena. Bibi alikasirika wiki nzima kwa sababu alikuwa amebakiza hatua moja tu kumjua.

Mjomba hakuiona raha hiyo. Yeye alitaka usingizi. Na katika nyumba ya pili yupo Hajji, ambaye mbuzi wake walikuwa wameshakula mchicha wa Mjomba, kisha mpapai mchanga, kisha kofia. Siku moja alfajiri, Bibi akiwa kwenye sala, mzee wa Mnyambe akapiga, na Mjomba akaona njia ya kuua ndege wawili.

"Malipo yapo," akasema kwa sauti ya bandarini. "Njooni na stakabadhi zenu. Mkishuka stendi ulizeni Chikongola, nyumba ya Hajji mwenye mbuzi."

Akarudi kulala akitabasamu.

Jumamosi ikaja Noah iliyobeba watu wa Noah mbili. Wote wamepakaa vumbi la barabara ya Tandahimba mpaka kope, kila mmoja na bahasha yake ya nailoni, na juu ya keria ya gari limefungwa furushi la ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha. Wakagonga kwa Hajji. Hajji alisikiliza, akacheka kidogo, akamwita mwanawe: "Wapeleke hapo kwa karani. Ndiye mwenye simu."

Mjomba alikuwa barazani. Alipoliona lile kundi linageuka kuja kwetu, akachukua gazeti na miwani, akaingia chooni, akafunga komeo.

Bibi aliwapokea kwa vigelegele. Kabla hawajasema shida yao alishajua ni nani na nani kwa sauti tu: wewe ndiye wa mikorosho ya mteremkoni, wewe ndiye mkeo amejifungua pacha. Mimi nikatumwa unga, nikarudi nikatumwa samaki, nikarudi nikatumwa mkeka kwa huyohuyo Hajji, ambaye alinipa mkeka na salamu kwa Mjomba. Ming'oko ikachemshwa na chumvi. Mjomba bado yupo chooni.

Sasa, mtu akitoka Newala kwa gari, baada ya maji na chai, kuna jambo moja atalihitaji. Mzee wa Mnyambe akaenda uani, akakohoa.

Ndani kimya.

"Hodi chooni."

Gazeti likasikika likikunjwa.

"Mwenye choo, tunaomba zamu," akasema mzee, na nyuma yake foleni ilishaanza, kwa utaratibu kabisa, maana msimu ule watu walishazoea foleni.

Mjomba akatoka. Miwani puani, gazeti kwapani, kalamu mfukoni mwa shati, ambayo haikosekani tangu enzi za bandari. Wale wazee wakamtazama, wakavua kofia. "Shikamoo mkubwa," akasema mmoja. Ofisi ilikuwa imetoka chooni.

Nilitegemea aombe radhi, aeleze habari ya tatu na nane, watu wale chakula warudi. Lakini mweke karani mstaafu mbele ya bahasha iliyojaa karatasi, uone. Mzee alipomnyooshea stakabadhi yake, mkono wa Mjomba ukaipokea wenyewe. Akakaa mkekani. Akaisoma. Akadai kadi ya benki. Akaviweka pamoja, akashusha miwani.

"Akaunti uliyoandikisha kwenye chama chako cha msingi inapungua tarakimu moja. Hela zako hata zikitoka zitakwenda wapi?"

Mzee akamtazama Bibi, Bibi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Akafuata wa pili. Huyu kwenye daftari la chama ameandikwa jina la babu, benki ana jina la baba. Wa tatu amejiandikisha kwa akaunti ya marehemu kaka yake. Mimi nikapewa daftari la shule niorodheshe, na mpaka adhuhuri mtu mmoja alishaanza kuniita mhasibu.

Jumatatu Mjomba akavaa suruali ya kupiga pasi, akawaongoza waliobaki hadi kwenye ofisi yenyewe, ile ya namba yenye 3. Sijui alisema nini huko ndani. Najua alitoka na chai mkononi, na baada ya muda mzee wa Mnyambe akapiga simu kwa mara ya kwanza bila kuuliza kitu. Alitaka kusema imeingia.

Hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko yote. Mpaka hapo tulikuwa tunapigiwa kwa bahati mbaya. Sasa Newala nzima, na Tandahimba yote, ikawa inatupigia makusudi. Fundi rangi alirudi ghalani akaisahihisha ile namba, na nasikia mtu alikuja nyuma yake na kipande cha mkaa akaandika chini: *Kwa karani, weka nane.*

Mjomba akatundika ratiba mlangoni. Saa mbili hadi saa sita, Ijumaa hakuna.

Usiku mmoja, baada ya Isha, tukasikia hodi ya chinichini. Hajji. Kumbe naye ana shamba Nanguruwe, na chini ya kanzu alikuwa ameficha bahasha ya nailoni. Akaanza mbali, akaulizia afya ya Bibi, akasifia mchicha uliokuwa umeanza kuchipua upya, akasema mbuzi siku hizi anawafunga. Kisha akaitoa bahasha.

Mjomba aliitazama kwa muda. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha mfukoni.

"Ofisi imefungwa, Hajji. Piga simu."

Hajji akasimama palepale barazani, akatoa simu yake, akabonyeza. Ndani ikalia.

"Marahaba," akasema Bibi.