Koma ya binti yangu na insha zangu za Likoni

Binti yangu yuko gredi ya saba hapa Portland, Maine, Marekani. Kila asubuhi kipindi chao cha Kiingereza kinaanza kwa sentensi moja ubaoni, na sentensi hiyo hiyo wanakaa nayo wiki nzima. Jumatatu wanataja aina za maneno, Jumanne wanatafuta kiima na kiarifa, Jumatano ni vishazi, Alhamisi wanaakifisha, Ijumaa wanaichora kwa mistari. Dakika tano hivi, kisha somo linaendelea.

Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka. Sentensi moja kwa siku tano! Sisi kule Likoni, Mombasa, tulipokuwa tukijiandaa kwa KCPE, mtihani wa enzi hizo wa kumaliza shule ya msingi, tulikuwa tunamalizana na maswali 50 ya lugha kwa mkao mmoja, na bado insha ya alama 40 inakungoja, dakika 40, msimamizi anatembea nyuma yako viatu vinalia.

Siku hizi sicheki sana. Kuchanganua sentensi mimi nilikutana nako sekondari, matawi na majedwali, nikakuona kama adhabu. Huyu ana miaka 12 na anachora sentensi huku anakula nafaka zake za asubuhi. Wala hajachapwa. Mimi ritifaa, ile alama ya juu kwenye "ng'", niliijua kwa aibu na kiboko. Niliandika kwamba tulikwenda shambani "kungoa" mihogo, mwalimu akanisimamisha aulize ni mhogo gani huo ninaoulilia ngoa. Darasa likaanguka kwa kicheko, kisha viboko viwili. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, mimi nishatoka. Ritifaa sijaisahau hadi leo, lakini sitaki mwanangu aijue kwa njia ile.

Kilichonifunga mdomo kabisa ni kesi ya mji huu huu. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, iliyo hapa Portland, walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilikuwa inawanyima malipo hayo wafanyakazi wa kazi kadhaa zilizoorodheshwa, na mwisho wa orodha ilisema "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza", bila koma kabla ya "au". Madereva wakasema: sisi tunasambaza, hatufungashi, na kwa jinsi ilivyoandikwa kinachotajwa ni kufungasha tu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Boston ikakubali kwamba sheria ina utata, na utata ukawaangukia madereva kwa wema. Mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Jimbo nalo likaiandika upya orodha ile, safari hii kwa nukta mkato tupu.

Nilipomsimulia binti yangu alinitazama kama mtu aliyechelewa habari. Mwalimu wao anadai koma ile kila siku. Mimi nilifundishwa kinyume: embe, ndizi na nanasi, ukitia koma kabla ya "na" kalamu nyekundu inakuja. Tumekubaliana kila mtu abaki na dini yake.

Kuna kichekesho walichokibandika ukutani darasani: sentensi ya Kiingereza ya kumkaribisha bibi mezani, ukiiondoa koma bibi mwenyewe anakuwa mboga. Alijaribu kunitafsiria, akakwama. "Tule, bibi" hata ukiifuta koma bibi yuko salama, maana ili aliwe lazima useme "tumle". Ile "m" ndogo inamlinda bibi kuliko alama yoyote. Nilijisikia fahari ya kijinga jioni nzima.

Lakini nina neno na sentensi zao za ubaoni: si za mtu. Zinatoka kwenye kijitabu cha mazoezi, mbwa wa fulani kafanya hivi, jirani kajibu vile. Mtoto anarekebisha makosa ambayo hakuyafanya yeye. Halafu akiandika habari zake mwenyewe, koma zote zimekimbia. Watafiti Steve Graham na Dolores Perin walipokusanya tafiti za uandishi mwaka 2007, waliona kufundisha sarufi peke yake hakukunyanyua uandishi wa vijana, ila kuwazoeza kuunganisha sentensi kulisaidia. Hapo nawakumbuka walimu wangu. Insha zetu zilijaa jogoo la kwanza na jua la matlai tulivyokariri, ni kweli, lakini kila wiki daftari lilirudi limetapakaa wino mwekundu, na kosa lilikuwa lako. Ningepewa kuchagua, ningechukua dakika tano za hapa na daftari la kule.

Kwa hiyo nyumbani tumeanzisha la kwetu. Kila jioni anaakifisha ujumbe mmoja wa kweli, aghalabu wa bibi yake aliye Likoni, ambaye huandika bila nukta wala pumzi. Wiki iliyopita ulikuja huu: "disemba wageni ni wengi semeni mapema msije mkakosa pa kulala".

Akaushughulikia kwa bidii ya shuleni. Dakika kumi baadaye akaja jikoni, uso umemvimba, simu mkononi. Alikuwa ameandika: "Disemba wageni ni wengi. Semeni mapema. Msije, mkakosa pa kulala."

"Baba, bibi hatutaki."

Tukapiga simu. Kule usiku ulikuwa umekwenda, bibi akapokea kwa sauti ya usingizi. Alipoelezwa habari ya koma alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ndiyo hiyo tunayoilipia kodi huko, akamwambia mjukuu wake chumba cha nyuma ni chake na neti ishafuliwa.

Nikamfutia ile koma moja. Nukta nilimwachia.