Mistari Mitatu ya "Kipimo cha Damu"

Bili ilikuwa na mistari mitatu inayofanana: "Kipimo cha damu". Bei tatu tofauti. Nikamuuliza keshia mbona napigwa mara tatu. Akajibu bila kuinua macho, "Ndivyo maabara walivyoingiza, mama." Mimba ya wiki 28, miguu imevimba; nikalipa, nidai bima baadaye.

Bima wakakataa mistari miwili. Kwao ni kipimo kimoja kilichorudiwa.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenifumbua macho. Damu yangu ni O hasi, yaani haina ile alama ya Rh ambayo damu chanya inayo. Kipimo cha kwanza kilitafuta kundi. Cha pili kilihakikisha hiyo hasi ni hasi kweli, maana ipo chanya dhaifu inayojificha. Cha tatu, cha Coombs, kiliangalia kama mwili wangu umeshatengeneza kingamwili za kushambulia damu ya mtoto akiwa chanya. Kazi tatu, kemikali tofauti. Kumbe sikuibiwa hata shilingi!

Sasa kosa ni la nani? Mimi nasema ni la aliyeandika bili. Hospitali yenye kompyuta kila dirisha inashindwaje kuandika jina la kipimo? Ndiyo maana mtu aliyetozwa upimaji wa ulinganifu (kuona kama damu yake inapatana na ya mchangiaji) kabla ya kuongezewa damu hutoka akiapa ameuziwa damu, wakati ile chupa ilitolewa bure na msamaria.

Na kuna kipimo kimoja rahisi ambacho hakuna aliyenitajia: cha mume wangu. Baba akiwa hasi kama mama, mtoto naye atakuwa hasi, na sindano ya anti-D, ile ya kuzuia mwili wa mama usitengeneze hizo kingamwili, haina kazi. Sindano hiyo ndiyo yenye bei ya kukutoa jasho: unachomwa wiki ya 28, kisha tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya. Kumpima baba kundi ni matone ya damu na dakika chache. (Najua kwa nini manesi wanaogopa kulianzisha. Baba wa kwenye kadi si lazima awe ndiye. Lakini niulizeni, nitajibu mwenyewe.) Wangu alipimwa kwa kulazimisha kwangu, akatoka chanya. Basi nikachomwa, ila nikijua ninalipia nini.

Ile bili niliirudisha kwa nesi. Akachukua kalamu ya bluu, akaandika jina la kipimo pembeni ya kila mstari, akagonga muhuri. Bima wakalipa yote.