Molekuli inazunguka kwenye skrini, mwanafunzi anajifunza nini?

Sisi tunaofundisha kemia na baiolojia siku hizi programu za kuonyesha molekuli kwa 3D tunazo, Jmol ipo, PyMOL ipo, zile za PhET (majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta) zipo tena bure, na ubishi unaorudi kila mara ni huu: mwanafunzi aachiwe achezee mwenyewe au apewe ukurasa ulioandaliwa, abonyeze kitufe kimoja kimoja? Nimefundisha kwa njia zote mbili na kusema kweli kila upande una hoja.

Wanaotaka mwanafunzi aachiwe wanasema akishika mwenyewe anakumbuka, na ni kweli, mtoto akizungusha methani kwa kidole chake anaona zile haidrojeni 4 zimetawanyika pande zote, kitu ambacho msalaba tunaochora ubaoni unakificha kabisa. Ila mfungulie huyo huyo himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ile yenye namba 4HHB kwenye Protein Data Bank, hazina ya mtandaoni ya miundo ya protini, anakutana na atomi zaidi ya 4,000 kwa mpigo. Atazungusha, atabadilisha rangi, atasema nzuri sana mwalimu, halafu muulize umeona nini, kimya. Hiyo hazina ilianza 1971 na miundo 7 tu, leo imepita 200,000, kwahiyo kumwambia mtoto "tafuta mwenyewe" ni kumtupa baharini.

Sasa chukua selimundu, ugonjwa ambao darasani kwetu karibu kila mtu ana ndugu au jirani anaeumwa. Vitabu vinasema kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini asidi amino (kipande kinachojenga protini) namba 6 imebadilika, glutamati imekuwa valini, basi, mtoto anakariri anapita. Lakini fungua 2HBS, muundo wa himoglobini ya selimundu kwenye hazina ile ile, ficha vitu vyote bakiza himoglobini mbili zilizoshikana, paka ile valini rangi yake, na hapo ndo utaona kitu: valini ya molekuli moja imeingia kwenye kishimo cha molekuli ya jirani, katikati ya asidi amino nyingine mbili, fenilalanini namba 85 na leusini namba 88, sehemu zisizopenda maji zimekutana zikang'ang'aniana, na hii inatokea himoglobini ikishaachia oksijeni, ndo maana zinajipanga nyuzi ndefu na seli inapinda. Badiliko moja dogo na mtoto wa watu analia kwa maumivu ya mifupa. Hapa wanaotaka vitufe vilivyoandaliwa wananishinda kabisa, hakuna mwanafunzi atakaekifikia kile kishimo peke yake kwa dakika 40 za kipindi.

Lakini vitufe navyo vina ubaya wake, mtoto anabonyeza mpaka mwisho bila kufikiri, kama anaangalia video tu. Na picha zenyewe zinadanganya kama hakuna wa kuzisemea, nimeshasoma kwenye mitihani kwamba oksijeni ni nyekundu na kwamba bondi ni kijiti, na karibu wote wanaamini molekuli imetulia tuli wakati inatetemeka muda wote.

Kuna pia wenzetu wanaosema viazi na vijiti vya meno vinatosha kutengenezea molekuli, bando ghali na umeme haueleweki. Kwa maji na amonia nakubaliana nao. Kwa himoglobini hapana, na zile za PhET unazipakua mara moja tu unatumia bila intaneti, faili la 4HHB lenyewe halifiki megabaiti moja.

Kwa mimi pengo kubwa liko kwenye kitu ambacho pande zote mbili hazikigusi, mwanafunzi haombwi kukisia chochote kabla ya kuona. Kwenye Molecule Shapes ya PhET kuna sehemu ya kuonyesha pembe za bondi, mimi naizima, nawaambia kila mtu aandike pembe ya maji kwenye daftari kwa kalamu sio penseli, wengi wanaandika 109.5 kama ya methani, wachache 90, halafu naiwasha inatoka 104.5 na darasa linalipuka, kwanini imebanwa? Hapo jozi za elektroni ambazo hazijafunga bondi, zile zinazozisukuma bondi, wanaziuliza wao, sizitaji mimi. Wanaotengeneza hizi programu wangefanya hiyo sehemu ibaki imefungwa mpaka mwanafunzi aingize namba yake kwanza, na kwenye selimundu vivyo hivyo, agonge mahali anapodhani zile himoglobini mbili zinashikana ndo rangi ya valini iwake.