Jino la kupandikiza halitoboki, lakini mdomo ni uleule

"Sasa nakunywa chai yangu bila wasiwasi, hili halitoboki." Mjomba wangu aliyasema hayo akigonga gego lake jipya kwa ukucha, na baraza zima hapa Mtwara likamwitikia. Nikamuuliza, "Mjomba, na lile la upande wa pili je?" Lile lina tundu jeusi unaloliona akicheka. Akajibu, "Likioza nalo, korosho si zipo? Nitapandikiza jingine."

Jibu hilo limenikera mpaka leo.

Ni kweli titaniamu, yaani metali ya skrubu inayozamishwa tayani kushikilia jino la kupandikiza, haiozi, nakubali. Tangu Per-Ingvar Brånemark wa Sweden ampandikizie mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, imeonekana kwamba mfupa unaikamata skrubu hiyo barabara. Lakini skrubu inashikwa na taya, na taya inalindwa na fizi, na hizo ni nyama na mfupa wako mwenyewe. Ukoga ukijazana shingoni mwa jino hilo, fizi zinavimba, zinatoka damu ukipiga mswaki, kisha mfupa unalika polepole mpaka skrubu inalegea. Jino la bandia halina mshipa wa fahamu, kwa hiyo mara nyingi hakuna maumivu ya kukuamsha usiku. Unashtuka mfupa umeshakwenda.

Na ukoga unanenepa kwa vile tunavyokula. Baada ya upasuaji mjomba aliambiwa ale vyakula laini. Nyumbani wakamjazia uji wa sukari kwenye chupa ya chai, akawa anakunywa funda mojamoja toka asubuhi hadi jioni, na wageni waliokuja kumpa pole walikuja na soda. Soda moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema zaidi mtu mzima abaki chini ya gramu 25 kwa siku nzima! Tena ubaya mkubwa uko kwenye kurudiarudia: kila funda, vijidudu vinatengeneza tindikali upya, na mate hayapati nafasi ya kuisafisha. Meno ya asili yanayobaki yanatoboka, na mdomo wenye matundu yasiyozibwa ni maskani ya vijidudu.

Kisukari kisichodhibitiwa kinachelewesha kidonda kupona na kuharibu fizi. Sigara nayo ni hivyohivyo.

Kinachoniuma ni kwamba chakula laini kisicho na sukari tunacho tele: samaki wa nazi na ugali mlaini, mayai, maharage ya kupondwa, parachichi. Natamani daktari, kabla ya kutaja bei ya skrubu, amuulize mgonjwa anakunywa chai mara ngapi na kwa vijiko vingapi, kisha azibe kwanza matundu yote. Kuziba jino ni nafuu mno kuliko kupandikiza. Mwenye hela ya korosho mkononi mwaka huu, aanzie hapo.