Fundi wa Kituo Anapopanda Gari la Zimamoto

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya vikosi vya zimamoto ni vya watu wanaojitolea. Baadhi vimeajiri watu wachache wa mchana: dereva, fundi wa magari, mwangalizi wa kituo. Ubishi huzuka pale simu ya dharura inapoingia saa nne asubuhi na watu hao wa mshahara ndio wanaotoka na gari.

Wanaopinga wanaona hiyo ni ajira ya kificho. Wananchi huchangia kikosi kwa michezo ya bahati nasibu ya bingo na mauzo ya kuku wa kuchoma wakiamini wanawasaidia wanaojitolea. Isitoshe, mtu akijua yupo anayelipwa, ataacha kuitikia king'ora. Hofu hiyo si ya kupuuzwa.

Lakini ni nani hasa aliyebaki wa kuitikia? Miaka ya 1970 jimbo hilo lilikuwa na watu wa kujitolea wapatao 300,000. Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya bunge lake mwaka 2018 ilikadiria 38,000 hivi. Katika kila wanane, amebaki mmoja. Na huyo mmoja, mchana wa Jumanne, yuko wapi? Zamani kazi ilikuwa palepale mjini, kiwandani au mgodini, na king'ora kikilia watu waliweza kutoka. Leo wengi huamka kwenda kufanya kazi mji mwingine. Basi hata hiyo 38,000 ni hesabu ya usiku. Ya mchana ni ndogo zaidi.

Wachache waliopo wanaweza kufika kwenye moto kwa magari yao wenyewe, ila bila gari la zimamoto hawana maji wala pampu. Kulifikisha gari hilo ndiyo kazi ya yule dereva. Naye hawafukuzi wenzake, anawahitaji: utaratibu wa usalama unataka wawili wakiingia ndani ya nyumba inayowaka, wawili wengine wabaki nje tayari kuwaokoa. Mtu mmoja wa mshahara hatoshi hata kuanza.

Wala kazi yake si usukani tu. Tangi la galoni 500, likilisha mpira mmoja unaotoa galoni 150 kwa dakika, hukauka baada ya dakika tatu na ushee. Kabla ya hapo awe ameshaunganisha maji mengine, huku jicho likiwa kwenye geji, maana walio ndani wanautegemea mpira ule.

Kwa hiyo wapinzani wana haki kwenye jambo moja, nalo ni zito. Mwangalizi aliyeajiriwa kufagia asipandishwe gari bila mafunzo na bila kazi hiyo kuandikwa kwenye mkataba wake. Sheria ya kazi ya Marekani pia haimruhusu mtu kujitolea kwa mwajiri wake kufanya kazi ileile anayolipwa. Fundi anayezima moto mchana kwa mshahara, akiitwa tena saa tatu usiku, saa hizo alipwe, na jumla ya saa zake zikizidi 40 kwa wiki, zile za ziada alipwe mara moja na nusu. Kikosi kiziingize kwenye bajeti kabla ya kumwajiri.